Upande Wetu wa Ukuta

Sisi tuliojifunza kutazama sinema tukiwa watoto, kwenye viti vya mbele vya bei rahisi, tulitambua watu wawili tu katika filamu: staringi na adui. Staringi hafi. Adui hutamba mwanzoni ili apate kupigwa mwishoni, na akipigwa ukumbi mzima husimama na kushangilia. Wengine wote, yaani wale waliochomewa nyumba na kuuawa ili staringi apate sababu ya kukasirika, hatukuwa na jina la kuwaita. Walianguka, nasi tukawasahau kabla taa hazijawashwa.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya filamu tatu za mwaka 2023 ambazo zilishindania tuzo za Oscar zilizotolewa Machi 2024. Zote tatu zinahusu mauaji yaliyotokea kweli. Na katika zote tatu, anayeshika nafasi ya staringi ni mtu ambaye sisi wa viti vya mbele tungemwita adui, au walau mtu ambaye mikono yake si safi. Waliouawa wamewekwa pembeni, au hawaonekani kabisa. Swali langu basi ni hili: je, ni haki kusimulia dhuluma kwa macho ya aliyeitenda, na kumwacha aliyetendewa nje ya picha?

Ya kwanza ni Oppenheimer ya Christopher Nolan, iliyoteuliwa mara 13 na kuondoka na tuzo 7, ikiwamo ya filamu bora. Ni kisa cha mwanafizikia aliyeongoza kazi ya kutengeneza bomu la atomiki huko Los Alamos, Marekani. Kwa saa tatu nilimtazama mtu huyo akiwaza, akipenda, akisifiwa, na baadaye akihojiwa na kuvunjiwa heshima. Hiroshima, iliyopigwa tarehe 6 Agosti 1945, na Nagasaki, iliyopigwa siku tatu baadaye, hazionekani. Kuna mahali anapoonyeshwa picha za madhara ya bomu lile. Sisi hatuonyeshwi picha hizo, tunaonyeshwa uso wake akizikwepa.

Wapo wanaosema kuwa huo ndio uaminifu wenyewe, kwani filamu imekaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo hakuwapo Hiroshima. Hoja hiyo ina uzito. Watu wa Los Alamos wanaposhangilia ushindi kwa kukanyaga sakafu, yeye anaona ngozi ya msichana mmoja miongoni mwa washangiliaji ikibanduka usoni. Lakini hata hapo tunachoombwa kukionea huruma ni dhamiri yake. Maelfu ya maiti wa mbali wamegeuka kuwa maumivu ya kichwa ya mtu mkubwa.

Tena wapo wasioonekana ambao ni wa karibu zaidi nasi. Sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumika katika mradi ule ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, wakati Kongo ikitawaliwa na Wabelgiji. Katika filamu, maendeleo ya kazi yanaonyeshwa kwa gololi zinazotiwa kidogo kidogo katika bakuli la kioo. Nilipoziona gololi zile nilijiuliza ni mikono ya nani iliyochimba ya kwanza. Wachimbaji wale wa Katanga, ambao wengi wa wajukuu wao wanazungumza lugha hii ninayoiandika, hawamo.

Ya pili ni Killers of the Flower Moon ya Martin Scorsese. Hii inahusu Waosage, wenyeji wa asili wa Marekani, ambao katika miaka ya 1920 walitajirika kwa mafuta yaliyo chini ya ardhi yao huko Oklahoma, wakaanza kuuawa mmoja mmoja ili haki zao ziwaendee watu weupe waliooa katika familia zao. Ernest Burkhart anampenda mkewe Mollie, na anashiriki katika njama ya mjomba wake ya kuwamaliza ndugu zake. Mke anaugua kisukari, na mume anamdunga sindano yenye sumu, kisha anamfuta jasho. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na sijapata kuona methali hiyo ikionyeshwa kwa namna inayotisha kama hiyo.

Filamu hii iliteuliwa mara 10 na haikupata hata tuzo moja. Lily Gladstone, aliyeigiza kama Mollie, alikuwa wa kwanza kati ya wenyeji wa asili wa Marekani kushindania tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mimi namwona Mollie kuwa ndiye moyo wa kisa; lakini saa tatu na dakika 26 za filamu ni za mumewe zaidi kuliko zake. Mmoja wa washauri wa lugha ya Kiosage alilisema hilo waziwazi filamu ilipozinduliwa: yeye angetaka kisa kitoke kwa Mollie, ila kazi hiyo ingemhitaji Mosage. Nadhani Scorsese mwenyewe alilijua. Mwishoni anajitokeza kwa sura yake, anasoma tangazo la kifo cha Mollie, kisha anasema kwamba ndani yake mauaji hayakutajwa. Ni kama msimuliaji aliyefika mwisho wa hadithi akakiri kwamba hadithi haikuwa yake.

Mpaka hapo nilikuwa tayari kutoa hukumu kwamba jambo hili si haki. Ndipo nikatazama ya tatu.

The Zone of Interest ya Jonathan Glazer inamhusu Rudolf Höss, mkuu wa kambi ya Auschwitz, mahali ambapo zaidi ya watu milioni moja waliuawa, wengi wao Wayahudi. Höss, mkewe Hedwig na watoto wao watano wanaishi katika nyumba nzuri iliyopakana na ukuta wa kambi. Wana bustani na bwawa la watoto. Hedwig anajaribu koti la manyoya lililotoka kwa mwanamke wa upande wa pili, anakuta rangi ya mdomo mfukoni, anaipaka. Yanayotendeka ndani ya kambi hatuyaoni. Lakini tunasikia: risasi, mbwa, ukelele unaokatika ghafla, na mngurumo usiokoma. Katika nyumba ile hakuna anayegeuza shingo. Sishangai kwamba moja ya tuzo zake mbili ilikuwa ya sauti.

Niliitazama nyumbani, usiku, peke yangu. Baada ya nusu saa hivi makelele yale yalinichosha. Nikanyoosha mkono nikapunguza sauti ili niweze kufuata mazungumzo ya watu wa bustanini. Ndipo nikashtuka, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umewahi kufanya jambo kama hilo.

Miaka mingi iliyopita tulipanga nyumba iliyotenganishwa na ya jirani kwa ukuta mmoja. Jirani yule alikuwa mtu wa heshima, mwepesi wa salamu. Alikuwa na mtoto wa kazi, msichana ambaye sidhani kama alikuwa ametimiza miaka 13. Baadhi ya usiku tulimsikia akilia, na tulisikia pia kinachomliza. Mke wangu alinitazama, nami nikasema, "Mambo ya nyumba za watu hayo." Wakati huo ilikuwa saa ya taarifa ya habari, nikaongeza sauti ya redio. Sikuiongeza mara moja tu. Baada ya miezi kadhaa kilio kilikoma. Tukaambiwa mtoto karudishwa kwao. Sikuuliza kwao ni wapi.

Silinganishi nyumba ile na Auschwitz. Atakayefanya hivyo atakuwa amewakosea wafu wale. Ninacholinganisha ni mkono na mkono: mmoja unaongeza sauti ya redio, mwingine unapunguza ya televisheni, na yote miwili ni wangu.

Kwa hiyo hukumu yangu imebidi niibadilishe. Naona sasa kwamba kuna kuficha kwa namna mbili. Kuna kuficha kunakompumzisha mtazamaji: anaonyeshwa majuto ya mkubwa, analia naye, anakwenda zake akijiona mwema. Na kuna kuficha kunakomketisha mtazamaji upande wa wasiogeuza shingo, akae hapo mpaka akitambue kiti chake. Namna ya kwanza inawaibia waliotendewa mara ya pili. Ya pili haiwarudishii chochote, hilo nalikiri, lakini inamnyima mtenda raha ya kujisahau. Mtenda ana haki ya kusimulia, ikiwa anasimulia kama anayekiri na si kama anayejitetea, na ikiwa haketi katika kila kiti. Aliyetendewa hana budi kupewa chake. Ya Mollie ingali inamngoja Mosage wa kuitengeneza, na ya Shinkolobwe inamngoja mtu wa Katanga.

Hata hivyo kukiri nako kuna hatari yake. Hata mimi, nilipomaliza kuandika habari za jirani yule, nilijisikia mwepesi, na wepesi huo sikuupenda. Nani alinipa ruhusa ya kupumua kwa kilio cha mtoto wa mtu?

Katika filamu ile ya Glazer kuna msichana wa Kipolandi anayetoka usiku kwa siri na kuficha matufaha mahali ambapo wafungwa watafanya kazi kesho yake. Asubuhi ya pili nilimweleza mke wangu kisa chote, pamoja na mambo ya redio. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa siku nilizokuwa kazini alikuwa akimpitishia yule mtoto maandazi na chai ya chupa juu ya ukuta, akipanda juu ya ndoo. Hakuniambia kwa kuwa alijua ningemkataza. Ni kweli, ningemkataza.

Nikamwuliza kama analikumbuka jina la mtoto yule. Akanitajia bila kufikiri. Sitaliandika hapa, kwani mwenyewe hakuniruhusu. Lakini sasa nalijua, baada ya miaka yote hii, na kila nikiwasha redio huwa nalikumbuka.