Vifaru Ambavyo Havikuua Mtu



Leo nina swali ambalo wengine mtalicheka, lakini limenisumbua tangu Kwaresima. Kabatini kwangu nina vifaru saba. Sio wanyama, ni vile vya jeshi, vya plastiki, vya kubandika kwa gundi. Ni vya kipimo cha 1/35, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 35, na mtu akisimama kando yake anakuwa na urefu wa sentimita 5 hivi. Kazi hii niliianza nilipohamia Uingereza. Majira ya baridi huku saa kumi jioni giza limeshaingia, ukitoka zamu huna pa kwenda, na mikono inataka kitu cha kufanya. Kuna wanaofuma sweta. Mimi nakata vipande kwenye fremu zake, nasugua kwa msasa, nashika kwa kibano, nagundisha minyororo pingili moja moja. Zikifika mia, kichwa kimetulia kabisa.

Tangu mwanzo nilijiwekea sharti: nitajenga vile tu ambavyo havikuwahi kuingia vitani. Vifaru vya majaribio. Nilijiambia kwamba mimi ni Mkristo, siwezi kupamba chumba changu kwa vitu vilivyosaga watu, lakini vile vilivyobaki kwenye majaribio havina damu. Kusema ukweli nilijivunia sharti hilo.

Na vina historia tamu, bwana. Kuna TOG 2 ya Waingereza, tani 80 hivi, ndefu kama basi. Waliobuni walikuwa wazee waliotengeneza vifaru vya kwanza kabisa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1939 wakaitwa tena, nao wakabuni kitu cha kuvuka mahandaki ya vita ile ile waliyoijua, wakati vita yenyewe ilikuwa imeshabadilika. Kuna Tortoise, yaani kobe, tani 78, kilichokusudiwa kuvunja ngome za Wajerumani. Vilitengenezwa 6 tu, na vita ikawa imekwisha kabla havijapata kazi. Vyote viwili vimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Bovington, Dorset. Nimekwenda huko mara mbili, na mara zote mbili nilisimama mbele ya Tortoise mpaka mlinzi akaanza kuniangalia.

Ninachokipenda zaidi ni T28 ya Wamarekani. Ina minyororo minne, miwili kila upande, na ile ya nje inafunguliwa, inaunganishwa pamoja na kuvutwa nyuma kama tela. Vilijengwa viwili. Kimoja kiliungua kwenye majaribio. Cha pili kikapotea! Tani 86 za chuma, zikapotea kama ufunguo wa nyumba, hadi mwaka 1974 kilipokutwa kimetelekezwa kwenye uwanja huko Fort Belvoir, Virginia. Hadithi hii huwa nawasimulia watu wote, watake wasitake.

Basi Jumapili moja baada ya Misa ya Kiswahili, wanakwaya walikuja kwangu kunywa chai. Kati yao yupo dada mmoja aliyetoka Uvira, Kongo, aliyekimbia na wadogo zake. Akasimama mbele ya kabati muda mrefu, kisha akauliza, "Kaka, hii iliua watu ngapi?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo miaka mitatu. Nikajibu kwa furaha, "Hakuna hata mmoja, dada. Hivi vyote havikuwahi kupigana."

Akaniangalia. "Lakini walizitengeneza ili ziue?"

Nikasema ndiyo.

"Basi walikosa tu nafasi." Akaenda kuchukua chai.

Hakusema kwa ubaya. Hata hakuendelea na maneno hayo, tukaongea habari za sare za Pasaka. Lakini usiku sikulala vizuri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1750, inafundisha kwamba wema au ubaya wa tendo la mtu unategemea kitu chenyewe anachokichagua, nia yake, na mazingira ya tendo. Mimi nilikuwa nahesabu matokeo tu. Nilihesabu maiti, nikapata sifuri, nikafunga daftari. Mwizi akikuta mlango umefungwa akarudi kwake, hakuiba, sawa. Lakini nani atamwita mwaminifu? Na Bwana wetu kwenye Mahubiri ya Mlimani hakungoja damu imwagike, alianza na hasira iliyo moyoni.

Mtu ataniambia: Waingereza na Wamarekani walikuwa wanapigana na Hitler, nia yao haikuwa mbaya. Nakubali. Kanisa halijawahi kusema kwamba kila anayeshika silaha kujilinda ana dhambi. Kwa hiyo Tortoise na TOG siwaweki kundi moja na kile nilichokuwa nakijenga wakati ule mezani. Kilikuwa Maus.

Maus kwa Kijerumani ni panya. Utani wa kijeshi huo, maana ni kifaru kizito kuliko vyote vilivyowahi kujengwa: tani 188. Hitler alikitaka mwaka 1942, Ferdinand Porsche akakibuni. Madaraja mengi yasingekibeba, ikapangwa kivuke mito kwa kutambaa chini ya maji. Vilitengenezwa viwili tu, na kimoja tu kikapata mzinga wake. Wasovieti walipofika waliunganisha bodi ya kimoja na tureti ya kingine, wakakipeleka kwao. Hakuna tobo. Hakuna kilio. Sharti langu lilikuwa limetimia kabisa.

Ila bodi na tureti zake zilitengenezwa na Krupp. Na Krupp, wakati wa vita, ilitumikisha maelfu ya watu kwa nguvu: raia waliochukuliwa kutoka nchi zilizotekwa, mateka wa vita, wafungwa wa kambi za mateso. Mwaka 1948 huko Nuremberg, Alfried Krupp alihukumiwa miaka 12 jela, na kutumikisha watu hivyo ni mojawapo ya makosa aliyokutwa nayo. Nilikuwa najua habari za Krupp, sidanganyi, nilizisoma zamani. Sikuwahi kuziweka kwenye hesabu. Eti kifaru kisicho na damu, kisa hakikufyatua risasi! Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika waraka kuhusu kazi, Laborem Exercens, mwaka 1981, akafundisha kwamba thamani ya kazi inatoka kwanza kwa mtu anayeifanya, si kwa kinachotengenezwa. Mimi nilikuwa nimekaa na kisu na msasa, nikisifu unyoofu wa bamba la chuma, na aliyelibeba sikuwahi kumuuliza jina.

Nilimwendea padre, si kwa kitubio, kwa ushauri tu. Nilitegemea aseme tupa au aseme endelea, nipumzike. Akauliza, "Unapokitazama, unapenda nini?" Nikamjibu kwamba napenda ufundi, napenda kuona kichwa cha mtu kinavyohangaika na tatizo. Akasema ufundi ni zawadi, nisiuonee aibu, ila nimwangalie na huyo mtu mzima, si kichwa peke yake. Halafu simu yake ikaita.

Sijatupa kitu. Nabii Isaya anajua kwamba panga halitupwi porini, hupelekwa kwa mhunzi, na mimi nina gundi. Maus yangu haitawekwa uwanjani na mtutu juu. Naijenga ikiwa nusu, bodi tupu kwenye ua wa kiwanda, bila tureti. Pembeni nataka watu wanne. Tatizo ni kwamba dukani wanauza askari tu, wanene, mashavu yamejaa, bunduki zimebandikwa mikononi. Nimenunua pakiti moja. Jioni tatu nimekwangua bunduki kwa kisu, nimekata viatu, na mtutu mmoja nimeugeuza mpini wa koleo.

Jumapili iliyopita yule dada alipita tena. Akamshika mmoja kwa vidole viwili, akamsogeza kwenye taa.

"Huyu ana njaa?"

"Ndiyo."

"Hapana. Punguza hapa na hapa," akasema, akinionyesha kwenye mashavu yake mwenyewe.

Nikachukua msasa.