Je, Akimbiaye ni Mwoga?

Methali yasema: Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wako waisikiao kama dhihaka, na wako waisikiao kama sifa ya busara. Nakuomba, msomaji, tuipime pamoja, kwani swali lake humfikia kila mtu: je, akimbiaye ni mwoga?

Wewe usomaye Nkubu, chini ya Mlima Kenya, usifanye haraka kujibu. Wazee wa Wameru husimulia kwamba babu zao walitoka Mbwaa, ng'ambo ya maji, walikotumikishwa na watu wa nguo nyekundu, wakatoroka. Lau wangaliona haya kukimbia, wajukuu wao wangalizaliwa utumwani. Basi kukimbia peke yake si aibu. Neno kubwa ni lile alitendalo mkimbizi akiisha kufika salama. Hili laonekana wazi katika maisha ya mkimbizi mwingine, wa nchi ya mbali.

Carl Schurz alizaliwa Ujerumani mwaka 1829. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu alijiunga na wale waliotaka enzi ya wafalme ipunguzwe na raia wapate sauti. Julai 1849, jeshi la Prussia liliwazingira waasi katika ngome ya Rastatt. Ngome ilipokuwa ikisalimu amri, Schurz aliingia katika mfereji wa maji machafu chini ya ardhi, akatokea nje ya kuta, akavuka mto Rhine. Baadhi ya waliobaki walipigwa risasi. Ungalimwona siku ile, ungalimwita nani?

Mwaka uliofuata alirudi kwa siri, kwa jina lisilo lake. Mwalimu wake, Gottfried Kinkel, alikuwa amehukumiwa kifungo cha maisha, naye amewekwa katika gereza la Spandau. Schurz alimpata mlinzi wa kumsaidia, na usiku mmoja wa Novemba 1850 mwalimu akateremshwa kwa kamba kutoka juu ya gereza. Mwoga harudi katika tundu la simba kumtoa mwenziwe.

Mwaka 1852 Schurz alihamia Marekani. Huko aliwakuta watu weusi wakiuzwa na kununuliwa, akasema kinyume cha jambo hilo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuja, Rais Lincoln alimfanya jenerali mwaka 1862. Mei 1863, huko Chancellorsville, adui aliwashambulia kutoka ubavuni, na askari wengi wa Kijerumani wakakimbia. Magazeti yakawaita waoga, ingawa Schurz alikuwa amewaonya wakubwa wake kwamba ubavu ule uko wazi. Miezi miwili baadaye walisimama tena vitani Gettysburg.

Mpaka hapa utasema: huyu ni shujaa. Subiri kidogo. Mwaka 1865, vita vilipokwisha, Schurz alizunguka majimbo ya Kusini, akaandika kwamba waliotoka utumwani hawatakuwa salama pasipo haki ya kupiga kura. Aliona kweli. Lakini akiisha kuwa seneta, alichoka na shauri hilo. Alitaka mabwana wa zamani wasamehewe, akapinga kutumia askari wa serikali kuu kuwalinda watu weusi. Mwaka 1877, askari wa mwisho waliokuwa wakizilinda serikali za Kusini walipoondolewa, yeye alikuwa waziri katika serikali iliyowaondoa. Watu weusi wakanyang'anywa kura zao, na ulinzi wa kweli wa haki hiyo haukuja mpaka sheria ya mwaka 1965.

Siku zile hakuna gazeti lililomwita mtoro, maana alikuwa ameketi kitini. Hata hivyo nadhani huko ndiko kukimbia kwake kwa kweli. Rastatt alikimbia kwa miguu, na moyo wake ukabaki kwa mwalimu aliye gerezani. Mara hii miguu ilitulia, moyo ukaondoka.

Kwa hiyo, msomaji, usimpime mtu kwa kutazama miguu yake. Huenda nawe siku moja ukalazimika kukimbia. Ukimbie, kwani uhai hauokotwi njiani. Lakini ukiisha kufika salama, wahesabu uliowaacha nyuma, na usichoke kuwahesabu.