Msiba na Lawama katika Filamu ya Ordinary People

Katika filamu ya Ordinary People (1980), iliyoongozwa na Robert Redford, Buck amekufa maji ziwani. Conrad, mdogo wake aliyenusurika, amejaribu kujiua. Kwa mujibu wa nadharia ya Murray Bowen, familia ni mfumo: wasiwasi uzidipo baina ya wawili, huvutwa wa tatu aubebe. Conrad basi anaugua msiba wa wote. Lakini apatapo nafuu, Beth, mamaye, anaondoka, na aghalabu mtazamaji humlaumu. Je, mzigo haukuhamishwa tu kutoka bega moja hadi jingine? Nadharia hii haimtakasi Beth. Humkumbusha mhakiki kwamba kumhukumu mmoja kwa kilio kilichowashinda wazazi wote wawili ni kurudia kosa la familia yenyewe.