Habari za Marehemu

Somo: 1 Wafalme 15:9-24



Mwandishi wa kitabu cha Wafalme hakupamba msiba. Mfalme Asa alitawala Yerusalemu miaka 41. Twasoma kwamba moyo wake ulikuwa kwa Bwana, akamwondoa hata Maaka katika umalkia kwa sababu ya sanamu. Kisha twaambiwa pia kwamba mahali pa juu hapakuondolewa, na kwamba uzeeni aliugua miguu. Mema yameandikwa, kasoro imeandikwa, hata ugonjwa wa miguu umeandikwa.

Huko Marekani, tarehe 2 Januari 2018, alifariki Thomas Monson akiwa na miaka 90, rais wa kanisa ambalo wengi huliita la Wamormoni. Mafundisho yao si yetu, wala leo sina nia ya kuyajadili. Gazeti la New York Times, katika kueleza kifo chake, lilitanguliza mabishano: kukataa kwake wanawake wasipewe ukuhani, na msimamo wake juu ya ndoa za jinsia moja. Waumini walichukizwa, na watu zaidi ya 100,000 wakatia sahihi kulalamika. Wao walimkumbuka kuwa askofu kijana wa miaka 22 mjini Salt Lake City, mwenye wajane zaidi ya 80 wa kuwaangalia. Mhariri alijibu kwamba habari ile ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ya kweli, naam, ila mizani iliegemea upande mmoja.

Sisi tunaopakana na Uganda tunakumbuka jambo baya kuliko hilo. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa Kampala pamoja na mawaziri Oryema na Oboth Ofumbi. Siku chache kabla, maaskofu walikuwa wamemwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji. Kesho yake redio ya serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari, na picha ya gari lililobondeka ikatolewa gazetini. Jeneza lilipofikishwa Mucwini, kijijini kwake, lilifunguliwa, na matundu ya risasi yakaonekana. Ibada ya maziko Namirembe ilikatazwa. Hata hivyo Jumapili ile Wakristo kwa maelfu walikusanyika kando ya kaburi tupu lililokwisha kuchimbwa, wakaimba.

Gazeti likitaja kasoro za mzee wetu, twaweza kununa, kisha tukashika kalamu na kuongeza mema lililoyaacha. Likidanganya jinsi alivyokufa, kanisa halina ruhusa ya kunyamaza.

Na sisi wenyewe, wasomaji wa wasifu makaburini, je? Marehemu wetu hawakugombea kibanja na ndugu zao, hawakuwa na deni dukani, wote walikuwa washauri wa ukoo! Hayo yasameheke, mfiwa ana uchungu. Lakini mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa, walikuwa wa mkoa wetu huu wa Kagera. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa, tena kwa kunong'ona. Kaburini ilisomwa kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, nasi tuliosimama pale tukaitika Amina. Miezi michache baadaye mjane alirithiwa na shemeji yake, ambaye hakuna aliyemwambia neno.