Msaidizi Anaposhindwa Kazi

Jumamosi ya tarehe 21 Oktoba 2023 nilikuwa nimeketi katika uwanja wa Kinnick, mjini Iowa City, Marekani, uwanja unaochukua watu wapatao 69,000. Nilikuwa mgeni wa usharika rafiki katika jimbo la Iowa. Mzee wa kanisa aliyenipokea nyumbani kwake aliona si vema nirudi Tanzania bila kuona jambo ambalo watu wake hulipenda karibu sawa na ibada, yaani futiboli ya Kimarekani ichezwayo na wanafunzi wa chuo kikuu. Siku ile timu ya Chuo Kikuu cha Iowa ilicheza na majirani zao wa Minnesota.

Mchezo huu si kandanda yetu. Mpira una umbo la yai na hushikwa kwa mikono. Kila timu ina kikosi cha kushambulia na kikosi cha kulinda, na vikosi hivyo hupokezana uwanjani. Juu ya wote yupo kocha mkuu, na chini yake wapo mratibu wa mashambulizi na mratibu wa ulinzi. Hao waratibu ndio wanaopanga mbinu na kuwafundisha vijana siku kwa siku. Kocha mkuu ni kama mchungaji wa usharika wenye mitaa mingi: hawezi kuwa kila mahali, kwa hiyo huchagua watu na kuwaamini.

Robo ya kwanza ya mchezo ilipokwisha niliona jambo lililonigusa sana. Kando ya uwanja ipo hospitali ya watoto, ndefu kwenda juu, na watoto wagonjwa pamoja na wazazi wao hutazama mchezo kutoka madirishani. Uwanja mzima uligeuka kuwapungia mkono. Desturi hiyo ilianza 2017. Nikasema moyoni, hapa pana watu wenye huruma.

Saa mbili hivi baadaye, Iowa walikuwa wamefungwa 12-10. Karibu na mwisho mchezaji wao mmoja alikimbia na mpira mpaka mwisho wa uwanja, lakini waamuzi wakakataa pointi zake. Hata hivyo hasira ya watu walioketi karibu nami haikuishia kwa waamuzi. Ilimwangukia mratibu wa mashambulizi, Brian Ferentz. Nilimwuliza mwenyeji wangu kwa nini jina hilo linatajwa kwa uchungu namna ile. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mchungaji, yule ni mtoto wa kocha."

Nilirudi nikiwa na swali ambalo sikulitegemea. Kiongozi afanye nini msaidizi wake anaposhindwa kazi? Amwondoe, au amvumilie? Na sisi tunaohubiri neema, je, tunaweza kumwondoa mtu kazini bila kuikana Injili tunayoihubiri? Sikuliuliza kama mtazamaji tu. Nilikuwa na jeraha langu, nami nitalieleza.

Kwanza tuone ukweli wa mambo. Kirk Ferentz ni kocha mkuu wa Iowa tangu 1999. Mwanawe Brian aliichezea timu hiyo, akarudi 2012 kuwa kocha msaidizi, na 2017 akapewa uratibu wa mashambulizi. Kwa sababu ya kanuni zinazozuia mtu kumsimamia ndugu yake, kwenye karatasi Brian aliwajibika kwa mkurugenzi wa michezo wa chuo, si kwa baba yake. Msimu wa 2022 timu ilipata wastani wa pointi 17.7 kwa mchezo, na hicho kilikuwa miongoni mwa viwango vya chini kabisa nchini. Februari 2023 mkataba wa Brian ukabadilishwa. Mshahara ulishushwa kutoka dola 900,000 hadi 850,000 kwa mwaka, na akawekewa masharti: timu ifikie wastani wa pointi 25 kwa mchezo na kushinda angalau michezo 7.

Tarehe 30 Oktoba, siku tisa baada ya mchezo niliouona, kaimu mkurugenzi wa michezo, Beth Goetz, alitangaza kwamba Brian hataendelea na kazi msimu utakapokwisha. Timu ilikuwa imeshinda michezo 6 kati ya 8. Baba yake alieleza kwamba desturi yake ni kuwatathmini watu baada ya msimu, si katikati.

Je, Brian alistahili? Wenye kumtetea walikuwa na hoja. Mchezaji aliyetegemewa kuongoza mashambulizi aliumia goti mwishoni mwa Septemba, na wengine muhimu waliumia pia. Kabla ya kumlaumu seremala, ni haki kuangalia msumeno aliopewa. Lakini wenye kumlaumu nao walikuwa na hoja. Katika timu hiyo hiyo mratibu wa ulinzi, Phil Parker, alitunukiwa mwaka huo Tuzo ya Broyles, ambayo hupewa kocha msaidizi aliye bora kuliko wote nchini. Upande mmoja wa nyumba ulisimama imara, na upande wa pili ulivuja kila mvua iliponyesha.

Brian aliruhusiwa kumaliza msimu. Timu ikashinda michezo minne iliyofuata, ikafikisha ushindi 10, ikaingia fainali ya ligi yao. Huko Michigan wakawafunga 26-0. Siku ya Mwaka Mpya Tennessee wakawafunga 35-0. Mwaka uliofuata aliajiriwa mratibu mpya, Tim Lester, na wastani ukapanda kupita zile pointi 25 ambazo Brian hakuzifikia. Lakini ushindi ulishuka kutoka 10 hadi 8. Basi anayedhani kwamba kumwondoa mtu mmoja kunamaliza matatizo yote, na afikiri tena. Matokeo peke yake ni hakimu asiyeaminika.

Sasa tulitazame Neno la Mungu. Wengi tukisikia habari za baba kiongozi na mwana anayeshindwa kazi, tunamkumbuka kuhani Eli na wanawe kule Shilo. Tuwe waangalifu. Wana wa Eli walidharau sadaka ya Bwana na kuwadhulumu watu. Hiyo ilikuwa dhambi. Kushindwa kupata pointi si dhambi. Katika makanisa yetu tunalichanganya sana jambo hili: mtu akilegea katika huduma tunaanza kutafuta uovu katika maisha yake, kana kwamba hatuwezi kumbadilisha bila kwanza kumchafua. Luther, katika Katekisimo Ndogo, anafundisha kwamba Amri ya Nane haitukatazi uongo tu. Inatutaka pia tumtetee jirani na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Anayeondolewa kazini bado ni jirani yako.

Lakini somo moja la Eli linabaki. Alijua, akasema kidogo, kisha akaliacha jambo liendelee. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kiongozi asiyeamua hazuii uamuzi usifanyike. Anawaachia wengine waufanye, na mara nyingi wao hawana upendo alio nao yeye. Kule Iowa neno la mwisho halikutoka kwa baba. Lilitoka ofisini, katikati ya msimu, mbele ya taifa zima.

Hapo ndipo jeraha langu lilipo. Kwa miaka mitatu mwalimu wa kwaya kuu katika usharika niliokuwa nautumikia alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mimi ndiye niliyempendekeza. Ana moyo wa dhahabu, lakini kwaya ya watu wazima ilimshinda. Mazoezi yalichelewa kuanza, sauti hazikupangika, na vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Wengine walihamia kwaya nyingine, wengine hawakuonekana tena kanisani. Wazee walinidokeza. Nikawajibu kwamba tuwe na subira, kwamba kanisa si kampuni. Maneno hayo yalisikika kuwa ya kiroho. Ukweli ni kwamba niliogopa chakula cha jioni nyumbani kwangu.

Kisha nikaenda semina ya wiki mbili. Niliporudi nilikuta Baraza la Wazee limeketi na kumwandikia barua. Jioni ile alikuja nyumbani, barua iko mfukoni. Mbele za watu huniita Mchungaji. Siku ile hakuniita hivyo. Alisema, "Shemeji, ungeniambia wewe." Hakusema zaidi. Nami sikuwa na jibu.

Wapendwa, katika Injili ya Luka Bwana Yesu anatoa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunza shamba anauombea mwaka mmoja zaidi. Mara nyingi tumehubiri subira ya mtunza shamba huyo, lakini tumeyaruka mambo mawili. La kwanza, anaahidi kufanya kazi: atauchimbia pande zote na kuutilia samadi. La pili, anakubali kwamba muda una mwisho. Subira isiyoshika jembe ni uzembe uliovaa kanzu. Nilipojipima kwa mfano huo niliona aibu. Katika miaka mitatu sikumpeleka shemeji yangu kwenye mafunzo hata mara moja. Sikuketi naye nimweleze lililokuwa likiharibika. Nilimwachia mti wake, nikauita uvivu wangu neema.

Tena kuna swali la nani anayelipa gharama ya subira yetu. Mwanafunzi wa chuo anacheza miaka minne hivi, basi, maisha yake ya mchezo yamekwisha. Misimu miwili ya mbinu mbovu ni nusu ya muda wake wote. Vivyo hivyo kijana wa kipaimara aliyeondoka kwaya akiwa na miaka kumi na saba hatatusubiri mpaka mchungaji apate ujasiri. Nilijiona mkarimu, kumbe nilikuwa nikitoa sadaka kutoka mfuko wa watu wengine.

Basi nasema wazi: ndiyo, kocha mkuu anaweza kumbadilisha mratibu anayeshindwa, na wakati mwingine anapaswa. Hilo halipingani na Injili. Tunahesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani, na kwa sababu hiyo hasa thamani ya mtu haikai katika nafasi yake. Luther alitufundisha kutofautisha mtu na kazi aliyopewa. Kazi yaweza kuondolewa, lakini ubatizo wake haufutwi. Sisi tunaoamini hivyo tungepaswa kuwa hodari kuliko wote katika kusema ukweli kuhusu kazi, kwa kuwa tunajua ukweli huo haumwangamizi mtu.

Ila njia ya kufanya hivyo ndiyo inayoonyesha tuna imani gani. Kabla hujamwondoa msaidizi wako, jiulize mambo matatu. Je, nimechimba na kutia samadi, na yeye amesikia ukweli kutoka kinywani mwangu? Je, ni nani anayelipa kwa ajili ya kungoja kwangu? Na tatu, ambalo ni gumu kuliko yote: je, ninamwondoa kwa sababu ya kazi, au ninamtoa kafara ili watu waniache mimi? Wako makocha wengi ambao kelele zikizidi huwafukuza wasaidizi wao ili kujinunulia mwaka mmoja. Wako wachungaji pia. Kiongozi mkweli husimama mbele ya watu na kusema, "Mimi ndiye niliyemchagua, na sehemu ya lawama ni yangu." Asiyeweza kusema hivyo hajawa tayari kumwondoa mtu.

Kisha asimwache njiani. Paulo alikataa kwenda na Yohana Marko katika safari ya pili, kwa kuwa aliwahi kuwaacha. Barnaba akamchukua Marko wakasafiri pamoja. Miaka mingi baadaye Paulo yuleyule aliagiza Marko aletwe, kwa kuwa alimfaa katika utumishi. Katikati ya kukataliwa na kuagizwa alikuwapo Barnaba. Kila Paulo anayekataa anahitaji Barnaba karibu. Brian Ferentz naye alipata kazi mwaka uliofuata katika timu ya Chuo Kikuu cha Maryland. Nilifurahi kusikia kwamba mlango mmoja ulifunguliwa.

Niliporudi kutoka Iowa nilikwenda kwa shemeji yangu kumwomba msamaha. Sikumwomba msamaha kwa kuwa aliondolewa, maana alipaswa kuondolewa. Nilimwomba kwa sababu nilimwacha aipate habari hiyo kwenye karatasi. Alinisamehe, ingawa si siku ile. Leo anawafundisha nyimbo watoto wa Shule ya Jumapili. Anaketi nao chini kwenye mkeka, nao humkimbilia. Kazi hiyo ningeweza kumpa miaka mitatu mapema, kama ningekuwa na ujasiri wa kuketi naye dakika kumi.

Huenda nawe unaye mtu wa namna hiyo: katika kikundi cha akina mama, katika idara unayoisimamia, dukani kwako, au chini ya paa lako. Usingoje uwanja uanze kuzomea. Nenda kwake wiki hii, uende mwenyewe, umwambie ukweli kama mtu aliyesamehewa anavyomwambia mwenzake aliyesamehewa. Bwana atupe upendo usioogopa kusema, na maneno yasiyosahau kupenda. Amina.