Mstari wa Besi

Somo: 1 Mambo ya Nyakati 28:9–21



Nina kaunta buku la marehemu baba. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika, na ndani ya daftari hilo umo wimbo alioutunga katika miezi yake ya mwisho. Nota zake ameziandika kwa penseli, kwa mkono uliokwisha kuanza kutetemeka: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye mstari wa nne ameandika neno “Besi”, akaweka nukta mbili, basi. Mbele ya zile nukta mbili karatasi ni nyeupe. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu afariki. Nimehama nyumba mara nne, na kila mara nimelifunga daftari hilo kwa khanga ya mama, nikiamini kwamba ninalitunza.

Wiki hii nilikuwa nikisikiliza albamu ya Leonard Cohen iitwayo “Thanks for the Dance”, nikaona lile daftari linaniita.

Wengi wenu mnamjua Cohen kwa wimbo mmoja tu, “Hallelujah”, ule ambao maharusi huja kuniomba upigwe kanisani. Huwa nawaambia wakausome kwanza maneno yote, maana ndani yake yumo Daudi na kinubi chake, lakini yamo pia maumivu ya mapenzi ambayo si ya siku ya arusi. Cohen alikuwa Myahudi wa Montreal, Kanada, mshairi aliyegeukia uimbaji akiwa tayari ameandika vitabu. Jina la ukoo wake, kwa Kiebrania, maana yake ni kuhani, na jambo hilo hakulisahau. Mwezi Septemba 2009, mwisho wa onyesho lake Ramat Gan, Israeli, aliinua mikono akawabariki watu kwa Kiebrania, kwa baraka ile ile ya Haruni iliyomo katika Hesabu 6, ambayo sisi huipokea kila Jumapili kabla ya kutoka.

Alifariki tarehe 7 Novemba 2016, Los Angeles, akiwa na miaka 82, baada ya kuanguka usiku. Wakazika mwili wake Montreal, kwenye makaburi ya sinagogi la wazee wake, katika sanduku la mbao tupu lisilo na pambo. Majuma machache kabla ya hapo ilikuwa imetoka albamu yake “You Want It Darker”. Hiyo aliirekodi akiwa mgonjwa: saratani ya damu, na pingili za uti wa mgongo zilizovunjika, kiasi kwamba hakuweza kwenda studio. Adam, mwanawe, mwanamuziki naye, akaileta studio nyumbani. Maikrofoni ikawekwa sebuleni, mzee akakalishwa kwenye kiti cha wagonjwa, akaimba pale pale. Kuna siku alikuwa na nguvu, kuna siku hakuwa nazo, lakini maneno alikuwa nayo tele, na kwa nyimbo kadhaa hakuwahi kufika mbali zaidi ya kuyasema maneno hayo mbele ya maikrofoni. Hayo ndiyo aliyoyaacha. Sauti ya mtu anayekaribia kuondoka, haina ngoma wala gitaa, haina hata kiitikio.

Adam amesema baba yake alimwachia kazi hiyo aimalizie. Basi miezi ikapita, akaingia katika banda la gari nyuma ya nyumba, si mbali na pale baba alipokuwa akiishi, akaanza kuisikiliza ile sauti.

Hapa nawaomba mtulie nami kidogo, kwa sababu hapa ndipo mtoto yeyote angeweza kukosea. Angeweza kuifungia sauti kabatini na kuiita takatifu. Au angeweza kuifunika kwa muziki wake mwenyewe, kila mtu aone naye ana kipaji. Adam hakufanya hili wala lile. Alimwita Javier Mas, Mhispania aliyempigia Cohen nyuzi miaka yote ya safari zake za mwisho jukwaani, akampa gitaa la Cohen mwenyewe alipige. Alimwita Jennifer Warnes, ambaye sauti yake ilikuwa imesindikiza ya Cohen tangu miaka ya 1970. Wakatafuta zile mbinu za muziki ambazo ukizisikia unajua hii ni nyumba ya nani. Albamu hiyo, “Thanks for the Dance”, ilitoka Novemba 2019, nyimbo tisa, kama nusu saa hivi. Ukiisikiliza kwa makini utasikia jinsi vyombo vinavyokaa pembeni. Mzee anapovuta pumzi, gitaa linangoja. Anapomaliza sentensi, ndipo kinanda kinapoingia, kwa adabu, kama mtoto anayesubiri mkubwa amalize kuongea.

Sasa rudini kwenye somo letu. Daudi ni mzee. Biblia inasema alisimama kwa miguu yake mbele ya mkutano, na mimi nikisoma hapo huona ilivyomgharimu kusimama. Alitamani kumjengea Bwana nyumba, akakataliwa. Alichofanya ni kukusanya: dhahabu, fedha, shaba, chuma, mierezi. Kisha akamkabidhi Sulemani ramani. Isomeni sura hiyo polepole muone jinsi ilivyo na mambo madogo madogo. Kuna ukumbi, kuna vyumba vya ndani, kuna hazina, na kuna uzito wa dhahabu kwa kila kinara na kila taa, hata kwa nyuma na mabakuli. Ni mtu aliyeiona nyumba yote kichwani mwake huku akijua hataingia humo.

Na baada ya kumpa vyote hivyo, anamwambia mwanawe asiogope. Kwa miaka mingi nilidhani Daudi anamtia moyo juu ya maadui, au juu ya ukubwa wa mradi. Siku hizi nasoma tofauti. Nadhani alijua hofu ya mtoto aliyeshika kazi ya baba: nikiigusa nitaiharibu. Mimi nani hata niweke mkono pale alipoweka yeye? Hofu hiyo ina sura ya heshima, hata mwenye nayo hudhani ni heshima. Nimeiona kwenye familia nyingi ninazozitembelea. Msingi alioujenga marehemu unaota majani, nondo zinaliwa na kutu, na wanaulizana nani athubutu kuendeleza nyumba ya mzee. Sulemani alijenga miaka saba. Hakubuni hekalu lake mwenyewe, na hakuiacha ramani imekunjwa.

Kuna jambo jingine juu ya Cohen ambalo limenigusa moyo. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Baada ya mazishi mtoto yule alichukua tai ya baba yake, ile fupi ya kufunga shingoni kama kipepeo, akaipasua, akaandika maneno kwenye kikaratasi, akakitia ndani, akaenda kuifukia bustanini. Hayo ndiyo aliyoyataja kuwa maandishi yake ya kwanza, na alipokuwa mtu mzima hakukumbuka tena aliandika nini. Fikirini basi: huyo aliyeyazika maneno yake ndani ya vazi la baba, ndiye ambaye mwanawe alikuja kuyatoa maneno yake kutoka kwenye kimya.

Wimbo wa mwisho wa albamu ni mfupi sana. Adam aliuchukua kutoka kwenye mkutano na waandishi wa habari wa Oktoba 2016, ambapo mzee alisoma shairi moja jipya kwa sauti yake iliyokuwa imezama chini kabisa. Linamhusu ndege mdogo wa Amerika, anayefanana kidogo na chozi wetu, ambaye huning'inia hewani mbele ya ua huku mbawa zake zikivuma. Mzee anawaambia watu wamsikilize ndege huyo, wasimsikilize yeye. Mwanawe angeweza kuuacha, angeweza kufunga albamu kwa kitu kinachomtukuza zaidi baba yake. Akauweka mwisho, na baada yake hakuna kitu.

Juzi usiku nimelifungua daftari. Nimeimba sauti ya tatu peke yangu, taratibu, nikisikiliza inakoegemea, maana anayejua nota atawaambieni kwamba sauti ya tatu ikiandikwa vizuri huonyesha njia ambayo besi inapaswa kupita. Baba alikuwa ameiandika vizuri. Nimejaza mistari miwili kwa penseli, si kwa kalamu.

Mazoezi ya kwaya ni Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Wazee wawili wa sauti ya nne waliofundishwa na baba bado wapo, nimewaomba waje mapema.