Anca Parghel Hakusubiri Ruhusa. Wewe Unamsubiri Nani?

Unasubiri nini?

Nakuuliza wewe, mwenye sauti inayojulikana na kuta za bafuni peke yake. Wewe mwenye daftari la nyimbo ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Unasubiri mtaji? Unasubiri mjomba mwenye studio? Unasubiri hali iwe nzuri?

Basi twende Romania, miaka ya 1980.

Rais Nicolae Ceaușescu ameamua kumaliza deni lote la nje, na wananchi ndio wanaolilipa kwa matumbo yao. Chakula ni cha mgawo. Umeme unakatwa. Nje theluji, na ndani ya nyumba watu wamekaa na makoti. Televisheni ya taifa inarusha matangazo kwa muda wa saa mbili hivi kwa siku, na mengi ni ya kumsifu mkubwa. Hata ukiwa na taipureta, sharti uiandikishe polisi.

Katika nchi hiyo, mwalimu mmoja wa muziki aliamua kuimba jazi.

Jazi! Muziki ambao wapenzi wake wa Ulaya Mashariki waliutegea redio usiku, wakimsikiliza mtangazaji Willis Conover wa Sauti ya Amerika.

Mwalimu huyo, Anca Parghel, alizaliwa mwaka 1957 Câmpulung Moldovenesc, mji mdogo wa milimani huko Bukovina, kaskazini mwa nchi. Alisomea muziki Iași, akafundisha Suceava. Alikuwa na kazi. Alikuwa na watoto wawili wa kiume wa kulea. Angeishia hapo, nani angemlaumu?

Hakuishia hapo.

Msikilize anapoimba. Anayaacha maneno kabisa, anabaki na silabi tupu, na koo lake linageuka tarumbeta, linageuka ngoma, linashuka hadi kwenye besi kisha linapaa juu mpaka unajiuliza kama ni mtu yuleyule. Tena anabuni palepale, mbele za watu. Unadhani hiyo ni bahati? Anayebuni hivyo lazima awe anaujua wimbo kuanzia mizizi yake, sikio limeshafika mbele kabla mdomo haujafunguka. Alipiga piano. Alitunga. Alipanga muziki wake mwenyewe. Watu hupenda kuita hicho kipaji, na mimi neno hilo linanikera likitumiwa kuficha jasho la mtu. Kipaji kilikuwepo, ndiyo. Lakini nani alikinoa?

Yeye!

Utawala ule ulianguka Desemba 1989. Anca hakuwa ameusubiri uanguke. Alikuwa tayari ametoa albamu kwenye Electrecord, kampuni ya rekodi ya serikali yenyewe. Milango ya Ulaya ilipofunguka, ilimkuta amesimama mlangoni, tayari. Akarekodi na mpiga piano Mjerumani Klaus Ignatzek. Akaenda kufundisha uimbaji wa jazi Ubelgiji.

Mlango wako ukifunguliwa kesho, utakukuta wapi?

Umelala?

Na usiniambie umri umekwenda. Mwaka 2008, mwanamke huyu wa jazi, mwenye heshima zake zote, alisikika kwenye “Brasil”, wimbo wa kuchezeka wa vijana, pamoja na Tom Boxer na Fly Project. Mwaka huohuo alikuwa akiugua saratani. Tarehe 5 Desemba 2008 alifariki Timișoara.

Alikuwa na miaka 51.

Hamsini na moja tu! Angesubiri chakula kiongezeke, umeme urudi, watoto wakue, wakubwa wabadilike, angeimba lini?

Na wewe utaimba lini?

Wewe una simu inayorekodi. Una umeme, hata kama unakatika. Hakuna askari anayehesabu nyimbo zako. Lifungue lile daftari usiku huu. Imba. Kosea. Rudia. Na kesho alfajiri, kabla hujaangalia ujumbe wa mtu yeyote, imba tena.